Mungu Alimwambia Nini Mtumishi wa Mudzipela

Niliondoka Mahagi kwa hasira. Nisiwadanganye, ndugu zangu wa nyumbani mnaosoma haya, nikasema niliondoka kwa huzuni. Huzuni nilikuwa nayo, lakini iliyofunga mzigo wangu asubuhi ile ni hasira. Mdogo wangu Anjelini, mwalimu wa shule ya msingi huko Bunia, alikuwa amefiwa na mwanawe Munguromo, jina la Kialur linalosema kwamba Mungu anaweza. Mtoto alishikwa na homa, akapungukiwa damu, akafa. Siku zile barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi, kwa hiyo alizikwa mimi nikiwa Mahagi, nimeinamia cherehani yangu, nikishona sare za watoto wa watu na kulia.

Sasa, kwetu Ituri hatumziki mtu hivi hivi tu. Kabla jeneza halijashushwa, yule aliyemuuguza marehemu husimama mbele ya watu akaeleza ugonjwa: ulianzaje, walimpeleka wapi, walimpa dawa gani, neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Hata kama kila mtu anajua, lazima aeleze. Ni haki yake, na ni heshima ya aliyekufa. Siku ya kumaliza matanga hueleza tena, kwa ajili ya ndugu ambao hawakuwahi mazishi. Na mtoto akifa, mwenye neno hilo ni mama yake. Hakuna mwingine.

Anjelini alinyang'anywa neno hilo. Mwalimu mwenzake ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Alisimama kando ya jeneza la mwanawe, akafungua mdomo, na kabla hajasema kitu akainuka kiongozi wa chumba cha maombi anamosali shemeji yangu Justin, mume wa Anjelini. Jina la mtu huyo sitalitaja. Watu wote wanamwita Mtumishi. Akanyoosha mkono, akasema Mungu amemwonyesha kwamba mtoto hakufa kwa homa. Amechukuliwa, eti, kwa sababu ya kitu kilichofichwa moyoni mwa mama yake. Mama huyo apelekwe chumba cha maombi, afunge na kuomba, na siku ya kumaliza matanga aungame mbele ya watu. Asipoungama, arudishwe kwao Mahagi, na binti yake aliyebaki, Roza, abaki kwa baba yake.

Aungame nini? Hakuna aliyejua. Mtumishi mwenyewe hakusema! Mungu alimwonyesha kwamba kuna kitu, lakini kitu chenyewe hakumwonyesha. Eeh! Mungu wa namna gani huyo, anayetoa habari nusu, nusu nyingine anamwachia mama aliyefiwa aitafute mwenyewe?

Wazazi wetu wamekufa na kaka hatuna. Mimi ndiye Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na upande wa mama una haki ya kuuliza kabla matanga hayajaisha: mtoto wetu alikufaje? Niliposikia barabara imefunguliwa, nilifunga samaki wakavu wa ziwani ndani ya gazeti, nikamkabidhi jirani ufunguo wa duka, nikaenda.

Asubuhi, parkingi ya Mahagi. Gari ilikuwa jipu ya zamani, na tulibanana mle ndani hadi magoti yakakosa mahali. Kama kawaida, shofere hakuwasha injini kabla mtu hajaomba. Mama mmoja muuza vitenge, mwenye sauti nzuri kabisa, akafunga macho akaanza: "Baba, tunakushukuru juu weye njo unachunga gari hii. Bale walikufa mu hii njia hawakukuwa mikononi mwako. Siye tuko mikononi mwako."

Mimi nikafungua macho. Wengine wote wakaitika amina, mimi nikanyamaza, lakini kunyamaza si kazi yangu, wanaonijua wanajua.

"Mama," nikamwambia injini ilipowaka, "bale walikufa walikuwa mikononi mwa nani?"

"Eh, mama, miye nimeomba tu."

"Hapana, haukuomba tu. Umesema kitu. Umesema Mungu aliwaachilia. Mumoja wao alikuwa mutoto ya jirani yangu, alikuwa anasali kukushinda weye."

"Mambo ya Mungu ni makubwa, mama. Usiyapime."

"Lakini weye umekwisha yapima, hapa hapa, na gari haijatoka hata parkingi!"

Shofere akacheka. "Bamama, mutuachie tufike kwanza. Mutagombana na Mungu huko Bunia." Gari zima likacheka, na yule mama naye akacheka, akanipa karanga. Nilizila, lakini hasira haikupungua.

Nioka, jua limeshapanda. Huko juu kuna baridi hata mchana, na ng'ombe wanakula majani pembeni ya barabara bila haraka. Nilijifunika kitenge na kufikiri. Tulipokuwa wadogo, kabla ya komunyo ya kwanza, tulifundishwa kwamba Mungu yuko kila mahali, anajua yote, anaweza yote, anatupenda sisi sote. Tulikariri kwa sauti moja, na aliyekosea alipigwa kijiti kwenye vidole. Sikuwahi kujiuliza aliyetufundisha alijuaje. Kwenye gari ile nikajiuliza. Nani alimwona? Nani alikaa naye? Sisi watu wa Mahagi tunawapa watoto wetu majina yanayosema Mungu anaweza, Mungu ana akili, Mungu ana huruma, na makaburi ya watoto hao yamejaa kila parokia.

Baada ya mji wa Fataki watu waliacha kuongea. Kila mtu aliyepita njia hiyo anajua kwa nini. Kulikuwa na nyumba zilizobaki kuta tu, na migomba imeota ndani ya sebule za watu. Kwenye bariera, askari alitutazama nyuso, akatutazama tena, kisha akainua kamba. Mama muuza vitenge alikuwa anaomba kimya, midomo inacheza. Safari hii sikumwingilia, maana mimi pia nilikuwa naogopa.

Iga Barrière, alasiri. Pale shofere alisimama kupoza injini. Chini ya kilima kulikuwa na vibanda vya wakimbizi waliokimbia vijiji vyao, maturubai meupe yamegeuka rangi ya vumbi, moshi unatoka kila mahali. Mwanamke mmoja alikuwa anapepeta unga kwenye ungo huku akiimba wimbo wa kumsifu Mungu, sauti imejaa kifuani. Nilimtazama hadi nikaona aibu. Nilitaka kumuuliza unamsifia nini, lakini huwezi kumuuliza mtu swali hilo akiwa na unga kidogo kiasi kile.

Hapo ndipo nilipopata silaha yangu. Nilijiambia: neno la kwenda kumpiga nalo Mtumishi ni moja tu. Binadamu hajui kitu juu ya Mungu. Hata kimoja. Mwenye kusema anajua, anadanganya. Nililirudia neno hilo hadi Bunia, na kila nilipolirudia lilinipendeza zaidi. Nilijiona mtu mwenye panga lililotoka kunolewa.

Bunia, kabla jua halijashuka. Nilichukua moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi mtaa wa Mudzipela. Nilipomtajia kijana aliyeniendesha mahali ninapokwenda, alinigeukia hadi nikaogopa tutaingia mtaroni.

"Kwa Mutumishi? Ah, mama! Yule iko anasema na Mungu kama vile miye nasema na weye hapa."

"Na weye umekwisha sikia Mungu anasema naye?"

"Miye? Hapana. Mungu hana shida na bantu ya moto." Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Chumba cha maombi kilikuwa kibanda kirefu cha mabati nyuma ya soko dogo, mikeka imetandikwa chini. Wanawake walikuwa wamelala humo, wengine wagonjwa, wengine wamefunga kula. Anjelini alikuwa mwisho kabisa, kwenye kona. Mama wee! Mdogo wangu! Mwanamke aliyekuwa akiingia darasani watoto wananyamaza kabla hajasema neno, alikuwa amekaa chini, midomo imepasuka, kilemba kimelegea. Aliponiona alisema "Yaya" mara moja tu, kisha akalia bila sauti, kwa sababu humo ndani hata kulia kulikuwa na saa yake.

Nikafungua samaki. Mama mlinzi wa mlango akaja mbio. "Mama, huyu haruhusiwe kula. Iko mu maombi."

"Miye ni Yaya yake. Nenda umuulize Mungu kama aliniruhusu kuzaliwa kabla yake." Akaniacha. Sijui kama alimwogopa Mungu au aliogopa macho yangu.

Anjelini alikula kidogo. Kisha akaniambia jambo ambalo, ninyi mnaosoma, sitalisahau hadi nife. "Yaya, nimetafuta. Kila siku natafuta mu roho yangu, sijue ni kitu gani. Siku ingine nilimugombeza Munguromo juu alimwanga maziwa. Nilimugombeza sana. Inaweza kuwa ile?"

Maziwa! Mama amefiwa, na wamemkalisha kwenye mkeka wakamfanya apekue maziwa yaliyomwagika, kana kwamba Mungu wa mbingu na nchi anahesabu vikombe jikoni mwa Anjelini! Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia: "Nisikilize. Yule mutu Mungu hakumwambia kitu. Mungu hasemi na mutu. Hakuna mutu hapa chini anajua kitu juu ya Mungu."

Akaniinulia macho. "Hata moja?"

"Hata moja."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani ni njaa. Nilitaka kuondoka naye saa ile ile, lakini alikataa. Akitoroka, watasema dhambi imemkimbiza, na Roza hatampata tena.

Asubuhi iliyofuata, mtaa wa Saio, nyumbani kwa Justin. Shemeji yangu ni fundi umeme, mtu mpole, mtu asiyejua kupiga kelele. Alinipokea kwa mikono miwili. Mama yake, mwanamke mrefu aliyezaliwa upande wa Irumu kwenye familia ya wafugaji, alinipa chai ya maziwa, ugali na sombe ya majani ya muhogo, akanikalisha kwenye kiti kizuri. Ukarimu ule uliniudhi. Ni vigumu kumgombeza mtu ambaye bado unatafuna sombe yake.

"Justin," nikasema baada ya kunawa, "bibi yako Anjelini iko anakufa kule."

Akatazama mikono yake. "Yaya, waganga ba kituo cha afya balisema damu haikukuwa. Damu! Mutoto yangu anakufa juu ya kitu inakosekana kwa frigo? Kama ni ile tu, basi alikufa bure. Miye siwezi kulala na ile. Mutumishi anasema iko sababu. Ikiwa iko sababu, naweza kusimama."

"Hata kama sababu ni mama ya batoto yako?"

Aliinuka akaenda kusimama mlangoni. Na hapo, nakiri, hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa kwa muda kidogo, kwa sababu niliona huyu mtu hakuchagua uovu. Alichagua Mungu mkali mwenye maelezo kuliko Mungu aliyenyamaza. Lakini hasira ikarudi upesi, maana maelezo yake yalikuwa yanamla mdogo wangu, yeye hayakumgusa.

Nikamgeukia mama mkwe wa Anjelini. Nikamwambia upande wa mama haujauliza mtoto wetu alikufaje, na matanga hayawezi kuisha bila swali letu. Aliweka birika chini. Ni mtu wa mila, na mila alikuwa anaijua kuliko mimi.

"Haki ya bajomba haikataliwe," akasema. "Utauliza. Lakini ujue, Mungu njo atajibu."

"Ningefurahi sana, mama," nikamwambia. "Ningefurahi sana akijibu mwenyewe."

Jumamosi, siku ya kumaliza matanga. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, na watu wa Saio na wa chumba cha maombi wakajaa hadi nje ya ua. Anjelini walimleta wakamkalisha kwenye mkeka karibu na ukuta, peke yake. Roza alitaka kumkimbilia, shangazi mmoja akamshika nguo.

Mtumishi nilikuwa sijawahi kumwona. Njiani kote nilikuwa nimemtengeneza kichwani, mnene, mwenye pete na makelele. Kumbe alikuwa mwembamba, suti safi, sauti ya chini, anasalimia wazee kwa kuinama. Jambo hilo lilinikasirisha zaidi. Alifungua Biblia, hakuisoma, akasema Mungu ni mwenye wivu, Mungu hasahau, na nyumba hii imepewa nafasi ya mwisho. "Mama akifungua moyo, Bwana atafungua tumbo lake na kurudisha baraka. Ndivyo alivyoniambia."

Nikasimama. "Miye ni upande wa mama. Niko na swali."

Justin akaitikia kwa kichwa.

"Mutumishi, Mungu alikuambia mutoto yetu alikufaje?"

"Alikufa kwa ajili ya jambo lililofichwa, mama."

"Jambo gani?"

"Hilo Bwana atalifunua kwa kinywa chake mwenyewe huyu mama."

"Lakini alikuambia weye, hakumwambia yeye. Ju gani Mungu apite mama aliyelala na mutoto kifuani, aende kwa jirani?"

Watu wakanong'ona. Mtumishi akatabasamu, kwa upole kabisa. "Mama, njia za Mungu hazichunguziki. Mungu ni fumbo. Sisi ni mavumbi, hatuwezi kumuuliza."

Ah, ndugu zangu! Hapo damu ilinipanda hadi masikioni. "Simama hapo hapo!" nikasema. "Ukitaka kusema, Mungu anajulikana, unajua wivu wake, unajua kasirani yake, unajua hata kitu iko mu roho ya mudogo yangu. Ukiulizwa, mara moja Mungu amekuwa fumbo! Fumbo kwa nani? Kwa siye tu? Kwako wewe mlango uko wazi, tukikaribia siye unafungwa?"

Mtumishi akaifunga Biblia. Watu wa nyuma walisimama ili wasikie. Nami, kwa sababu nilikuwa nimeona ninashinda, nikatoa panga langu lote: "Basi miye nasema mbele yenu wote. Hakuna mutu anajua kitu juu ya Mungu. Si Mutumishi, si padri, si miye. Hata kitu moja. Kwa hiyo tunyamaze wote, mudogo yangu arudi kwa nyumba yake!"

Nilingoja watu waitike. Badala yake nikasikia sauti ya kutoka ukutani.

"Yaya, na weye kaa."

Anjelini alikuwa amesimama. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, lakini sauti yake ilikuwa ile ya darasani. Nikakaa. Hata Mtumishi alikaa.

"Mutu ya kueleza ugonjwa ni miye," akasema. "Sikilizeni. Ilianza siku ya shule. Alirudi, akasema kichwa inamuuma. Nilimupa ndizi, akaikataa, na Munguromo hakatae ndizi. Mangaribi, jua ikishuka, mwili ikawa moto. Nilimupeleka kwa kituo cha afya, banamutia serumu mu mushipa. Kesho yake mikono yake ilikuwa mweupe. Banasema damu imekwisha, lazima aongezewe. Baba yake alinyoosha mukono wake, banapima, banasema haipatane. Justin alilia. Hakuna mutu alimwona akilia isipokuwa miye. Yangu ilipatana. Lakini mufuko ya kutilia damu haikukuwa, bakaenda kuitafuta kwingine. Nilikaa na mukono wangu wazi, nangoja mufuko. Akaniambia, 'Mama, taa iko wapi?' Ilikuwa saa sita ya mchana. Njo neno yake ya mwisho."

Justin alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili.

"Sasa," akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda, "Mutumishi anasema Mungu alimwonyesha yote. Yaya yangu anasema hakuna mutu anajua kitu ya Mungu. Munafanana! Mumoja anamutia Mungu maneno mu kinywa, mwingine anamufunga kinywa. Na miye, mwenye nilikuwa pale, hakuna aliyeniuliza. Yaya, nikuulize. Kama hakuna mutu anajua kitu, hiyo kasirani uliyotoka nayo Mahagi, unaitoa wapi? Unakasirika juu unajua Mungu haiko vile. Unajua! Basi sema unajua."

Nilitaka kujibu. Akaninyooshea kiganja, nikabaki kitini.

"Miye sijue ju gani mutoto alikufa," akasema, sasa akiwatazama watu wote. "Sijue Mungu alikuwa wapi ile saa. Asinidanganye mutu. Kitu moja tu najua. Yule mwenye anaua mutoto ili amupige mama yake fimbo, ule haiko Mungu. Hata akija hapa na malaika zake zote, nitamwambia: weye siyo."

"Mama, unakufuru," Mtumishi akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeeleza ugonjwa," Anjelini akamjibu. "Nimemaliza." Akakaa.

Katika familia ya Justin, matanga yanaisha kwa kunyolewa. Waliofiwa wananyolewa na mzee wa nyumba, na asiyenyolewa amehesabiwa si wa nyumba. Mama mkwe alikuwa na beseni la maji na wembe mkononi. Alimtazama Mtumishi, akamtazama Anjelini. Kisha akauweka wembe pembeni ya beseni, polepole, akaingia ndani ya nyumba. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, kesho nitarudi Mahagi na mdogo wangu bila mtoto wake.

Justin akainuka. Alichukua wembe na beseni, akalibeba hadi mkekani, maji yakimwagika kwenye suruali yake. Akapiga magoti mbele ya mke wake, akamvua kilemba, akaanza kumnyoa mwenyewe. Hajui kunyoa. Fundi umeme yule, mwenye mikono iliyozoea kufunga nyaya nyembamba, akamkata mahali mahali. Damu kidogo ilishuka karibu na sikio lake, na Justin akaifuta kwa kidole, akaitazama ile damu muda mrefu, kisha akalia mbele ya watu wote. Roza akamponyoka shangazi.

Mtumishi aliondoka na watu wake bila kula. Si wote waliomfuata, na si wote waliobaki walikuwa upande wetu. Wapo walionipita bila kuniaga, na mama mkwe hakutoka ndani hadi jioni. Alipotoka, aliwaambia wanawake wapakue chakula. Hilo tu ndilo alilosema, nasi tukala.

Jumatatu, barabara ya kurudi. Gari lilikuwa jingine, shofere mwingine, na mvua ilikuwa imenyesha, tukasukuma mara kadhaa. Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, nami nitawaambieni nilichojifunza, ingawa sikupenda namna nilivyofundishwa, mbele ya watu wengi vile. Nilikwenda Bunia nikidhani kuna makundi mawili: wanaodai wanamjua Mungu, na sisi wenye akili tunaojua kwamba hajulikani. Kumbe mimi nilikuwa najua kitu muda wote. Nilikijua kwenye gari yule mama alipoomba, nilikijua mdogo wangu aliponiambia habari ya maziwa. Kama kweli sikuwa najua chochote, yale maneno yangepita masikioni mwangu kama habari za hali ya hewa. Hayakupita. Yalinichoma, kwa sababu yalikuwa uongo juu ya mtu ninayemfahamu, hata kama namfahamu kidogo sana, hata kama siwezi kueleza kwake ni wapi wala anafanya nini siku nzima.

Lakini bado nina hasira, msidhani imekwisha. Mtumishi yuko pale pale Mudzipela, mikeka imejaa, na leo hii kuna mama mwingine anatafuta moyoni mwake maziwa aliyomwaga mtoto. Na mifuko ya damu bado haipo. Watu wanaosema Mungu amekasirika na nyumba fulani, mbona hakuna hata mmoja aliyeonyeshwa kwamba Mungu amekasirika na kabati tupu la kituo cha afya?

Nilipofika Mahagi na kufungua duka, nilimpigia Anjelini kumjulisha nimefika salama. Yuko nyumbani Saio, ameanza kula, shuleni wanamngoja. Nikamuuliza sasa atasali wapi.

"Sijue, Yaya. Leo asubui nilijaribu hapa nyumba."

"Ulisema nini?"

"Nilimugombeza."

"Mungu?"

"Eeh. Nilimugombeza mupaka Justin akaamuka. Na kama hawezi kuvumilia ile, basi Mutumishi alikuwa anamujua kunishinda."